Komeo la Chumba cha Nyuma

Mambo yaliharibika Jumatano ya kwanza ya Februari, siku msimamizi wa jengo alipobandika amri langoni: kila mpangaji asafishe nyumba yake, ndani na nje, ukaguzi saa kumi.

Mzee wa ghorofa ya pili, fundi bomba mstaafu, tangu afiwe na mkewe hakuwa amepatana na mkubwa yeyote. "Ndani na nje? Basi watajuta!" Akafagia, akapiga deki, kisha akaifungua hata kompyuta ya marehemu. Kwenye kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye skrini, akakuta uji wa kijivu umeganda chini ya bati la kupozea. Akaukwangua, akasugua mpaka kadi ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Tangu hapo kadi ikawa na homa. Ikipata joto, kompyuta inazimika.

Na ndani yake kulikuwa na nyumba. Mkewe alikuwa mchora ramani, akaacha humo nyumba waliyoota kuijenga, unaingia kwa skrini na kutembea. Mzee aliingia kidogo kidogo. Chumba cha nyuma alikuwa hajakiona bado. Alikiwekea akiba, kama mtoto anavyoacha mnofu wa mwisho. Kompyuta ya binti yake ilijaribiwa, ikakataa mchoro wa zamani.

Akaipa kadi feni yake ya kitandani, yeye akajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Wakafika jikoni mwa ile nyumba ya kwenye skrini, kompyuta ikazimika, giza. Akang'oa ubavu wa kompyuta. Wakafika kwenye korido, giza.

"Wakubwa hawa wataniua!"

Binti yake akaja na kijibomba cha dawa, uji mpya wa kijivu.

"Baba, ule uji ndio uliokuwa unapitisha joto. Umeiogesha kadi ukaiua."

"Kaiua msimamizi! Mimi nimetii tu."

"Tangu lini wewe ukatii?"

"Ndiyo hasara yake, mwanangu."

Binti akatia tone.

"Ongeza, itavuja."

"Si bomba hili, baba! Na imeshaungua, hii ni kuivutia siku tu. Tuipunguzie na mzigo wa kuchora: vivuli, mng'ao wa vigae."

"Mama yako kahangaika na vivuli hivyo!"

"Unataka vivuli au unataka chumba?"

Mzee akanuna. Kisha akasema, polepole, "Zima."

Wakapita jikoni, wakapita korido. Feni ikalia kama nyuki, lakini mlango ukafunguka. Kitanda kimoja, mto mmoja. Na komeo: upande wa nje.

"Cha mjomba wako," mzee akawahi. "Alikuja kwa wiki moja, akaota mizizi."

"Mjomba hakoromi, baba."

"Kwani nani anakoroma?"

Binti akacheka mpaka akashika meza. Mzee alikuwa tayari kumlaumu marehemu, mkubwa pekee aliyebaki bila kulaumiwa. Akageuza picha atoke kwa hasira, akakwama. Nje ya mlango, karibu kabisa na komeo, palichorwa kiti, na juu yake mto wa kijani, ule ule ambao mkewe hakuketi bila kuuweka mgongoni.

Skrini ikaanza kucheza. Mzee akaishika kwa mikono miwili, kana kwamba inaanguka.

"Sasa kama alitaka kunifungia humo," akauliza, "mbona kajiwekea kiti mlangoni?"