Umeme wa Marekani

Sijampenda kaka yangu Abdulmajid tangu aende Marekani, na aliporudi Ijumaa ile nilimchukia zaidi. Alishuka kwenye teksi pale kwetu Ujiji na boksi kubwa, akanikataza nisilishike. "Achana nalo, dogo. Hiyo siyo redio ya mkulima." Mimi ni fundi. Nina kibanda Buzebazeba, natengeneza redio, feni na majokofu, na ni mimi niliyekuwa nampeleka mama hospitali miaka yote yeye anatutumia picha.

Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya kumsaidia mama kupumua. Mapafu yake yamekwisha kwa moshi wa kubanika samaki, migebuka aliyoiuza maisha yake yote. Daktari alimruhusu arudi nyumbani kwa ajili ya mashine hiyo tu: ikifanya kazi atakaa kwake, isipofanya anarudi wodini kwenye mitungi yao ya oksijeni. Na mama wodi anaichukia. Alilala huko wiki sita, akatoka anaapa kwamba akifa atafia kitandani kwake.

Ndugu walijaa sebuleni. Majid akaiweka mashine mezani, akaanza kuhutubia. Mimi nikainama nyuma yake nikasoma kibandiko: volti mia na ishirini. Soketi zetu zinatoa mia mbili thelathini. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua, hakuna cha kubishana. Transfoma ya kushusha umeme ninayo kibandani, kwa bodaboda ni dakika ishirini kwenda na kurudi.

"Kaka," nikaanza, "umeme wa huku na wa kule si..."

"Swaibu, hebu kaa chini. Umeme wa Marekani ni mkubwa, unaendesha nchi nzima ile. Huu wenu mtu akipiga pasi tu taa zinafifia. Mashine imezoea umeme mkubwa, itaunguaje kwa huu mdogo? Labda itazunguka taratibu."

Wote wakaafiki. Hapa mjini tulikaa miaka na umeme wa jenereta, jioni taa zinafifia mpaka huoni sahani yako, kwa hiyo kila mtu anajua umeme wa Kigoma ni dhaifu. Nani angeamini kwamba Marekani ndiyo yenye volti chache?

"Mwenzio kasoma," Shangazi Asia akaniambia. "Wewe uliishia darasa la saba. Usimkosoe mbele za watu."

Wakacheka. Nikasema moyoni, haya, chomeka. Chomeka, bwana msomi, wakuone. Nikakunja mikono kifuani. Mama, pale kwenye kiti chake, alikuwa ananitazama. Nikageuza uso.

Majid akachomeka, kwa kiplagi cha kubadilisha miguu ya plagi tu, si volti, alichonunua uwanja wa ndege. Mashine ikavuma kwa nguvu, ikapiga pa, halafu moshi ukatoka chini yake. Nikaruka nikaichomoa. Harufu ya plastiki ilijaa sebule nzima na mama akaanza kukohoa.

Hapo nikasema yote. Nikamwita kaka yangu mjinga, limbukeni, mtu wa picha. Nikaigeuza mashine nikawasomea ile namba mara mbili. Shangazi akamgeukia, "Yaani hata kusoma kumekushinda?" Majid alisimama na waya mkononi, machozi yanamlenga. Niseme ukweli, nilifurahi.

Mama alipopata pumzi akaniita.

"Swaibu. Hiyo namba uliisoma lini?"

Nikairudisha mashine mezani.

"Kabla hajachomeka, au baada?"

"Kabla, mama."

Mama hakuniuliza tena. Akamnyooshea Majid mkono.

"Nishike, baba," akamwambia. "Nirudishe wodini."

Nikasogea nimshike upande wa pili. Akautoa mkono wangu.