Ushahidi wa Minyoo wa Popo

Jumatano moja mwaka 1994, Mwalimu Mkuu Angwenyi alimpasua popo kwa wembe juu ya meza ya kuchambulia chai, kwenye kituo cha kununulia majani karibu na Ekerenyo. Aliyemwita ni Mogaka, naibu wa chifu. Watoto walikuwa wakiumwa matumbo, na watu walidai kwamba mjane Nyakerario, ambaye dari yake ilijaa popo, aliwatuma popo hao wawatie watoto minyoo.

Nyakerario alikaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kanisani kichwani.

Utumbo ulipofunguka, minyoo walitoka, wembamba kama uzi wa kushonea. Mmoja wao alisema kwa Ekegusii safi, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini:

"Sisi ni wa popo. Tumboni mwa binadamu hatuwezi kuishi. Watoto wa hapa hatuwajui."

Waliokaa nyuma waliomba arudie, akarudia. Mogaka alimshukuru.

"Mwalimu, ni kweli?"

Angwenyi alijua ni kweli. Alijua pia kwamba choo cha shule yake kilikuwa kikivujia kijito ambamo kijiji kizima kiliteka maji.

"Minyoo ni minyoo," alisema, macho kwenye wembe. "Mimi siwezi kukata shauri."

"Angwenyi, mwanangu," Nyakerario alisema. "Nilikuogesha ukiwa mdogo. Hebu nitazame."

Hakumtazama.

Kufikia jioni nyumba ya Nyakerario ilikuwa majivu. Alishika njia ya Kenyenya kwa dada yake, na popo wakamfuata kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine kama mbuzi wanaorudi zizini. Waliokuwa wakipanda kutoka sokoni walisogea kando, wakawapisha.

Minyoo walipelekwa shuleni, ndani ya chupa ya jamu, kwenye rafu ya chumba cha sayansi. Waliwajibu wanafunzi vizuri, na alama za baiolojia zikapanda. Adhuhuri moja, katikati ya somo, walimuuliza Angwenyi:

"Watoto wamepona?"

"Bado."

"Na yule mama, mlimrudisha?"

Angwenyi alichukua kifutio akafuta ubao, ingawa haukuwa umeandikwa kitu. Darasa zima lilimsubiri. Kengele ikalia, wanafunzi wakatoka mbio kuteremka kijitoni, wakainama na kunywa maji kwa viganja. Aliwaona wote kupitia dirishani. Alifungua mdomo awaite, kisha akafunga dirisha.