Mzee Analalaje?

Baba alipostaafu udereva wa lori alitaka kitu kimoja tu: bembea ya kulalia, ile ya kufungwa kati ya miti miwili, aende nayo kambini na wenzake. Tukaenda dukani sote watatu, maana mama haamini kwamba baba anaweza kununua hata sindano peke yake.

"Mzee analalaje?" muuzaji akauliza. "Chali au ubavu?"

"Ubavu," mama akadakia. "Tena kanigeuzia mgongo miaka yote, utadhani kanuna."

Ikaletwa ya ubavu, iliyonyooka kama kitanda. Baba akajilaza, akakunja uso, akashika bega la kulia, lile ambalo mama humchua kila asubuhi huku akinung'unika. Akaomba ajaribu nyingine, iliyobonyea, ya watu wa chali. Akatanua mikono. Mama hajamaliza kubishania bei, baba anakoroma duka zima linasikia.

Mama akamtikisa. "Kumbe wewe unalala chali?"

"Nikilala chali nakoroma," baba akasema, macho mazito. "Tulipooana ulisema umeolewa na mashine ya kusaga."

"Mimi? Nilisema hivyo?"

"Ulicheka sana."

Mama hakukumbuka. Alibaki ameweka mkono juu ya lile bega, kisha akamgeukia muuzaji kwa ukali wake uleule.

"Tunachukua hii."

Baba akataka kushuka. Mama akamzuia.

"Lala, mume wangu. Duka bado halijafungwa."