Keria Iliyokatika Njia ya Kolo

Elisante, fundi wa kuchomelea wa Nzuguni, aliitambua Landkruza ile kabla haijazimwa. Miaka miwili nyuma aliifungia keria ya mabomba ya kubebea mizigo juu ya paa, akamwapia Mama Raheli, mkunga anayezungukia vijiji vya Kondoa, kwamba itadumu kuliko gari lenyewe. Sasa keria hiyo ilikuwa imelazwa ndani ya gari, vipande vitatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe, fundi. Imekatika njia ya Kolo. Nadhani nilizidisha mzigo, nikakuharibia kazi yako nzuri."

Elisante akainama kutazama. Chini ya rangi nyeusi ilionekana pati aliyoipaka mwenyewe, kuziba matundu ya bomba lililoliwa na kutu. Uso ukamwaka moto. Angenyamaza, mama angeondoka akijilaumu.

"Hukuzidisha kitu, mama," alisema. "Bomba lilikuwa bovu tangu siku ile. Nilijua."

Raheli akauliza, "Na wale wenzangu wawili niliokuletea uwafungie keria?"

"Na zao pia."

"Basi wapigie sasa hivi, nikisikia."

Akatoa simu. Akaweka spika, akampigia wa kwanza.