Tundu la Juu

Mkamwana wangu Sawsan ni muuguzi, na ulimi wake hauna breki. Alisimama mlangoni kwetu, hapa Basra, akanipasulia: "Mama, kazini narudi, lakini Taym simwachi hapa mpaka mbadilishe soketi zote. La sivyo nampeleka kwa mama yangu, Mosul."

Mosul! Mjukuu wangu wa pekee, wa miaka miwili, akalelewe Mosul na mimi nipo hai? Thubutu!

Siku hiyohiyo nikamwita fundi umeme. Soketi kuukuu zikang'olewa, zikawekwa zenye vifuniko ndani: matundu mawili ya chini yamezibwa, hayafunguki mpaka mguu mrefu wa plagi uingie tundu la juu. Nilizijaribu zote mwenyewe. Mume wangu, Baba Mundhir, alikaa na chai yake akinicheka.

"Tumelea watano humu ndani, hakuna aliyeungua hata unywele."

"Mundhir alirushwa na umeme wa friji, umesahau?"

"Ndiyo maana akawa mhandisi!"

Ijumaa Sawsan akaja kukagua, mkoba wa mtoto begani. Akapita chumba kwa chumba, anabonyeza, anachungulia. Mimi nyuma yake, kichwa juu. Kazi ilikuwa safi na nilijua.

"Haya, Mama, umeniweza," akasema.

Tukarudi sebuleni. Taym alikuwa amechuchumaa ukutani. Kalamu ya babu yake ameichomeka tundu la juu, barabara kabisa, na vifuniko vimefunguka. Mkono wa pili una pini ya mtandio, unaelekea tundu la chini.

Sijui niliruka vipi na magoti yangu haya. Nikamnyakua, pini ikaanguka. Mtoto akapiga kelele kwa hasira: "Kama babu! Kama babu!"

Baba Mundhir akatoka jikoni na chai mkononi. Pale ukutani, kwenye soketi ya pembeni ya ile yenye kalamu, simu yake ilikuwa inachaji. Chaja yake ni ya miguu miwili, haiingii mpaka uchokonoe tundu la juu kwa kitu kama kalamu. Nusu ya Basra wanafanya hivyo. Naye alikuwa amefanya muda mfupi kabla, mtoto akimtazama.

Sawsan akauweka mkoba begani vizuri, akanyoosha mikono nimpe mwanawe.

Matusi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini mzee yule, ambaye tangu anioe hajawahi kukubali kosa, hata siku aliyochinja kuku wa jirani, aliweka chai chini, akachomoa chaja, akaikata waya kwa mkasi wangu wa kushonea. Nikamshusha mtoto, naye akapiga magoti mbele yake.

"Babu amekosea, Taym. Ule si mchezo. Babu hafanyi tena, na wewe usifanye."

Sawsan akashusha mkoba, akampa mzee, si mimi niliyehangaika na nyumba nzima.

"Anakula saa saba, Baba," akasema.