Khoa Aja Giakanja

Walimu wenzake Murugi waliwajua watoto wa Hai Phong kwa majina, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutia mguu Vietnam. Walijua nani alikuwa akificha wali mfukoni, na nani alikataa kulala mchana mpaka apapaswe mgongo. Murugi alifundisha chekechea huko miaka mitatu, akarudi Nyeri, akapewa darasa la watoto thelathini na wanane karibu na soko la Giakanja, na bado kila saa ya chai hadithi ilianza vilevile: "Watoto wangu wa Hai Phong..."

"Hao watoto wako saa hii wako na ndevu," Mutuku humwambia. Mutuku ni mwalimu wa darasa la sita, Mkamba wa Mwala aliyeletwa huku Tetu na kazi, na siku asipomtania mtu halali vizuri.

Kipenzi cha Murugi kati ya wote alikuwa Khoa. Miaka minne, mashavu kama mandazi, na woga wa kila kitu: mbwa, puto, hata mvua. Alitembea mwaka mzima ameshika sketi ya mwalimu wake. Siku ya kuagana alilia mpaka akatapika. Murugi naye alilia ndani ya ndege, mhudumu akamletea maji mara mbili.

Basi mwezi wa Agosti ukaja ujumbe kutoka kwa Bi Hanh, mama yake Khoa. Mumewe hununua kahawa, na alikuwa anakuja kuonja ya Tetu. Yeye na mtoto wangefuatana naye. Je, wangeweza kupita kumsalimia mwalimu?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ya mamake Murugi, nyanya ambaye wote humwita Cucu Warigia, ilipakwa rangi upande ule unaoonekana kutoka barabarani. Jogoo akachinjwa. Mutuku akaalikwa, au tuseme alijialika.

"Madam, nisikize," alisema siku ya Ijumaa. "Mtoto wa miaka minne hakumbukangi kitu. Mimi mwalimu wangu wa nasari simkumbuki. Nakumbuka uji tu."

"Wewe ulikuwa unaenda shule kwa sababu ya uji."

"Haya. Lakini usije ukaumia roho."

Murugi alicheka, ila neno lile lilimnyima usingizi. Miaka sita ilikuwa imepita. Kama Khoa amemsahau, basi alikuwa amependa peke yake muda huo wote, na hilo hakutaka kulijua.

Jumamosi wakafika, mama na mwana. Baba alikuwa amebaki kwenye kiwanda cha kahawa na vikombe vyake vya kuonjea. Khoa alikuwa na miaka kumi sasa, mrefu, mwembamba, na miwani. Murugi akafungua mikono. Mtoto akanyoosha wake mmoja, kwa adabu, akamsalimia.

"Unanikumbuka?" Murugi aliuliza kwa Kiingereza.

Khoa alimtazama mama yake, kisha akatazama viatu vyake. "Samahani," alisema. "Mama alinionyesha picha."

Ilimuuma. Angemlaumu nani, mtoto amesema kweli na ameisema kwa upole. Murugi akajikaza kisabuni, akapakua mukimo wa viazi na mahindi, nduma na kuku. Bi Hanh alizifurahia nduma, magimbi ya huku, akasema hata kwao zipo. Mutuku, tumpe haki yake, hakufungua kinywa isipokuwa kwa kula.

Baada ya chakula Cucu Warigia akaamua kwamba wageni hawaondoki bila kuiona kahawa yake. Shamba liko ng'ambo ya kijito, na daraja lenyewe ni magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Cucu, na miaka yake sabini na mbili, alivuka mikono ikiwa mgongoni. Bi Hanh akafuata. Mutuku alivua viatu kwanza.

Khoa akasimama. Maji yalikuwa ya kufika magotini tu, lakini yalipiga kelele za mto mkubwa. Murugi alisimama nyuma yake, asijue kama bado ana haki ya kumshika.

Mtoto akavuta pumzi, akaweka mguu kwenye gogo.

"Ĩmwe," alinong'ona. Hatua nyingine. "Igĩrĩ. Ithatũ. Inya." Akatulia, akaanza upya. "Ĩmwe..."

Ng'ambo Cucu Warigia aligeuka. "Ati huyu mtoto alifundishwa Gĩkũyũ na nani?"

Mutuku akamtafsiria Bi Hanh kwa Kiingereza, naye akashangaa. "Gĩkũyũ? Hayo ni maneno yake ya uoga," alisema. "Kwa daktari wa meno, kwenye ndege, siku ya mtihani. Tulidhani ameyabuni mwenyewe."

Ndipo Murugi alipokumbuka. Uwanjani kwa chekechea ya Hai Phong palikuwa na mtelezo wa watoto, wenye ngazi ya vidato vinne. Shule ilitaka Kiingereza kitupu, lakini mtoto akitetemeka mikononi mwako, lugha inayokuja ni ile uliyobembelezwa nayo wewe. Alikuwa akimpandisha Khoa vidato vile kila asubuhi, akihesabu. Katika hadithi zake zote hakuwahi kuisimulia hiyo, kwa sababu alikuwa ameisahau kabisa.

Khoa alikuwa katikati ya daraja, amekunja uso. "Yule nyanya ameyajuaje maneno yangu?"

"Ni ya huku," Murugi alisema. "Na hayaishii hapo kwenye nne."

"Kuna mengine?"

"Mengi."

Alifikiri kidogo. "Linalofuata ni lipi?"

Murugi akapanda gogo nyuma yake, akamnyooshea mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka wala hakuyaficha, na upande wa pili Mutuku alikuwa ameinama akishughulika sana na kamba za viatu. Khoa aliutazama mkono ule, kisha akaushika.

"Ithano," Murugi alisema.

"Ithano," Khoa alirudia, akapiga hatua.