Kitambaa Chekundu cha Fundi

Fundi baiskeli alirudi na foki mpya, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, begani, akakuta ndoano ya kutundikia ikiwa tupu. Baiskeli ya shemeji yake haipo. Alibaki amesimama mlangoni mwa karakana kama mtu aliyekuta nyumba yake imehama.

"Kaka kaichukua," alisema mkewe, akianika nguo uani. "Kampakia mama na gunia la mahindi, wanakwenda mashineni."

"Kaichukuaje? Si nilifunga kitambaa chekundu?"

"Kile cha kwenye usukani? Kilikuwa kimeganda grisi, nikakifua. Si hiki hapa."

Kilining'inia kambani, safi, kinachuruzika maji. Shemeji alikuwa amelalamika tu kwamba usukani unalia akipita kwenye mashimo. Jana, alipopangusa vumbi, Fundi aliona ufa mwembamba kama unywele umezunguka shingo ya foki, pale panapobeba uzito wote wa mbele. Baiskeli ya namna hiyo haifai kubeba hata dumu la maji, sembuse gunia. Tena gunia na mama mkwe, ambaye, kwa heshima zote, alikuwa gunia la pili. Na njia ya mashineni inateremka moja kwa moja hadi kwenye daraja lisilo na kingo.

Alitupa foki chini akatoka mbio. Ndala moja ilibaki mlangoni.

Aliwaona wanaanza kuteremka, gunia limelazwa kwenye fremu, mama mkwe kakaa upande kwenye keria, mkono kiunoni mwa mwanawe, ametulia kabisa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Fundi hakuwahi kumtazama mama huyu usoni. Hata akikaribishwa chai huitikia akiangalia mkeka. Sasa aliogopa kumpigia kelele, na aliogopa zaidi kunyamaza.

"Mama, shuka! Ruka!"

Shemeji alishtuka, akaburuza miguu chini mpaka baiskeli ikasimama. Mama mkwe alishuka taratibu, akajifunga nguo yake vizuri.

"Unanifokea mimi?"

Fundi alishusha gunia, akainua gurudumu la mbele kiasi cha shubiri mbili, akalidundisha chini mara moja tu.

Foki ilikatika. Gurudumu lilichomoka na waya wa breki, likabingirika mteremkoni, likafika darajani, likapinda kushoto na kupotea. Walisikia kishindo cha maji. Shemeji alikaa chini palepale barabarani, mikono kichwani.

"Nilifunga kitambaa chekundu," alisema, akiangalia mguu wake usio na ndala. "Kikiwepo, baiskeli haitoki mpaka nibadilishe kilichoharibika."

"Kile kitambaa nakiona kila nikija," alisema mama mkwe. Hasira ilikuwa imemtoka, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani cha kufutia mikono."

"Hata mimi," alisema shemeji.

Mama mkwe aligeuka akatazama daraja.

"Na maana ya kitambaa hicho, nani mwingine anaijua?"

Fundi aliinua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mimi tu, mama."